Mlango wa Nyumba Isiyo na Paa

Miaka ile ya vita watu wa Buyenzi hawakuwa na mengi ya kuchekea, kwa hiyo walimcheka Massoudi. Kila Ijumaa, swala ikishaisha, wenzake walikwenda nyumbani kutafuta chakula. Yeye alichukua kopo la mafuta na kitambaa, akapanda mguu mosi mguu pili hadi juu ya Kamenge, kwenda kupaka mafuta mlango. Hilo lenyewe si kichekesho, maana seremala hupaka mlango mafuta. Kichekesho ni kwamba nyumba yenyewe haikuwa na paa. Mabati yalikuwa yameibwa, vitanda vimeibwa, na ukuta wa kulia ulikuwa na tundu ambalo ng'ombe wa Burundi, na pembe zile alizo nazo, angepita bila kujikwaruza. Na Massoudi akifika alitoa ufunguo mfukoni, akafungua, akaingia, akafunga nyuma yake.

Mkewe Zubeda ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza.

"Wenzangu wanalia bwana ameongeza bibi," aliwaambia majirani kwenye foleni ya maji. "Mi wangu ameongeza mulango. Na anaupaka mafuta kuliko alivyonipaka mi siku ya arusi."

Maneno hayo yalimfikia Massoudi, naye akaendelea kupiga randa. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu, na alijua kwamba jambo lenyewe halielezeki kwenye foleni ya maji.

Ile nyumba ilikuwa hospitali ya kujifungulia ya masista, masera kama wanavyoitwa Bujumbura. Ilijengwa kwa matofali mekundu zamani, Massoudi akiwa hajaota ndevu, na mlango mkubwa wa mbele aliufanya baba yake, mzee Musafiri, kwa mbao za libuyu zilizovushwa ziwani kutoka Kongo. Ulikuwa mlango wa pande mbili, mwekundu, mzito, na kila upande ulikaa kwenye bawaba za kuinua, ili siku kitu kipana kikitaka kupita upande mmoja utolewe bila kung'oa hata msumari. Massoudi ndiye aliyeupiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Baadaye Zubeda aliingia kwa mlango huo akilia, akatoka kwa mlango huo amembeba Fadhila, mtoto wao wa pekee. Na si Zubeda peke yake. Kamenge nzima, Cibitoke, na nusu ya Buyenzi walipita hapo kwanza wakiwa tumboni, halafu mikononi, na hakuna aliyewauliza mama zao ni wa kabila gani. Hayo ya kuulizana yalikuja baadaye, na yalipokuja hayakubakiza kitu.

Mwaka wa tisini na tano vita viliikumba Kamenge, watu wakakimbia na walichoweza kubeba, na masera nao wakaambiwa waondoke. Mkubwa wao, Sista Adélaïde, alifunga mlango kana kwamba anakwenda sokoni na kurudi. Massoudi alikuwa pale, amekuja kuchukua vyombo vyake vya kazi. Sista akamtia ufunguo mkononi.

"Tukirudi, we ndiye utatufungulia," alisema. "Ninakuachia amana."

Neno hilo ndilo lililomfunga. Lau angesema "nitunzie ufunguo", Massoudi angeutupa kwenye boksi la misumari akausahau. Lakini mtoto wa mzee Musafiri hakulelewa kupewa amana kisha akalala usingizi. Risasi zilipopungua kidogo na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, naye alipanda kwenda kuitazama amana yake.

Alikuta ajabu. Alikuwa amejiandaa kuona uchafu, na uchafu ulikuwepo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba atakuta uzuri. Jua liliingia kwa juu, mahali palipokuwa na mabati, likalala sakafuni kwenye vyumba ambavyo zamani vilikuwa na giza la pazia. Maua ya bugenvilia yalikuwa yameingia dirishani kama mgeni mwenye haraka, yakatambaa hadi kwenye chumba cha kupimia watoto. Vyuma vya kutundikia chupa za serumu za wagonjwa, vile ambavyo wezi hawakuona faida yake, vilikuwa vimesimama mstari mmoja, na maharage yaliyojiotea yalikuwa yamevipanda hadi juu yakatoa maua meupe. Mbayuwayu walikuwa wamejenga juu ya taa ya chumba cha kuzalishia. Vigae vya buluu ukutani viling'aa kila mvua ilipovisafisha. Na kutoka veranda, kwa sababu ukuta wa uwanja ulikuwa umeanguka, ziwa lote lilionekana, na milima ya Kongo ng'ambo yake.

Massoudi alisimama akalia kidogo, halafu akajiona mjinga kulilia maharage. Akafungua kopo la mafuta, akaanza kazi.

Huko juu hakuwa peke yake. Kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao alikaa mwanamke wa Bukavu, Nsimire, aliyekimbia vita vya kwao akaingia kwenye vita vya wengine. Alikaa na mama mkwe wake, Orpha, mzee mwembamba mwenye kauli. Walikuwa wametandaza hema la plastiki juu ya pembe moja ya chumba. Nsimire aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, barabarani, na mumewe, Divin, alishinda Gatumba akivusha bidhaa mpakani, wakati mwingine wiki nzima asionekane. Wao waliingia na kutoka kwa lile tundu la ukutani, na kila Ijumaa walimtazama Massoudi akihangaika na ufunguo.

"Karibu kwako, muzee," Nsimire alimwambia kila mara, uso umekaza kama polisi. "Ulipiga hodi?"

Mtu wa tatu alikuwa Gaspard, na huyo Massoudi hakumpenda. Nyumba yake ilichomwa na mkewe akafia ukimbizini. Aliporudi Kamenge na watoto, alipandisha kuta upya kwa udongo, halafu akaja hospitalini akang'oa fremu za madirisha. Massoudi alimkuta na fremu ya mwisho begani.

"We ni mwizi," Massoudi akamwambia.

"Ndiyo," akasema Gaspard bila kuweka mzigo chini. "Watoto wangu wanalala mu mvua, muzee, na we unapaka mulango mafuta. Kati yetu nani ana akili?"

Tangu hapo walipitana kama wasiojuana. Lakini neno lile lilibaki kwa Massoudi kama mwiba ulioingia kwenye ukucha, na pengine ndiyo sababu Nsimire alipomwomba, alijibu kwa ukali kuliko alivyotaka. Nsimire alikuwa mjamzito wa miezi mingi na sakafu ya granito inauma mgongo. Aliuliza kama hawezi kuazimwa upande mmoja tu wa mlango alalie, mpaka ajifungue.

"Apana. Ule mulango ni amana," Massoudi akasema. "Amana haiazimwi."

"Na mi ni nini?" Nsimire akauliza, akicheka. Hakungoja jibu, akaingia ndani.

Massoudi alishuka siku hiyo akiwa na haki yake mkononi, na haki hiyo haikumpa raha. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliyezoea kumtania, Sylvère, kijana wa mlimani upande wa Mwaro, alinusa kopo lake kama kawaida na kuuliza mlango unaendeleaje. Massoudi alichukua kopo lake akapita. Nyumbani alimweleza Zubeda yaliyotokea, akitarajia aungwe mkono.

"Mi nilizalia pale juu ya kitanda," Zubeda akasema, na safari hii hakucheka.

Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi, na milio ya bunduki ilisikika toka mlimani. Zubeda alimwambia asiende, naye akaenda. Alifika, akatoa ufunguo, akafungua, na kabla hajafunga nyuma yake akasikia sauti ambayo seremala yeyote aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ya wazazi huitambua.

Nsimire alikuwa amelala chini, ameng'ata ncha ya kitenge. Orpha alikuwa amepiga magoti kando yake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Toka jana," Orpha akasema. "Nimezalisha wengi, muzee, mpaka kule kwetu mu pori. Huyu mutoto amelala kama boriti. Hatoki hapa. Lazima tumufikishe ku hospitali kubwa, kama si vile watanifia wote wawili."

"Taksi?"

"Nani atapanda leo? Unasikia mulio?"

Gaspard naye alikuwa amefika, kaitwa na Orpha, pamoja na shemeji yake. Walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba mikono imewaning'inia. Kwa watu wa milima ya Burundi mgonjwa habebwi mgongoni kama gunia. Wala habebwi na ndugu zake peke yao. Hubebwa kwenye ingobyi, machela ya kusukwa ambayo ni mali ya watu wote wa kilima, na kila mwanamume huingiza bega lake. Ukikutana na ingobyi njiani, unaweka chini ulichobeba, awe jirani awe adui, unabeba sehemu yako, ndipo unarudi kwenye safari yako. Asiyebeba, siku yake ikifika, hukosa wa kumbeba. Lakini ingobyi ya kilima kile iliungua pamoja na nyumba.

"Tungepata kitu," Gaspard akasema. "Kitu bapa."

Wakatazama huku na huku. Vitanda vilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Meza zilikwisha kuwa kuni. Kisha hawakutazama tena kokote. Wakainamisha macho, wote watatu, na Massoudi akaelewa wanachokwepa kukitazama. Mwizi wa madirisha alikuwa na adabu siku hiyo.

Massoudi aligeuka akaangalia mlango wa baba yake. Aliona wekundu wake, ulivyong'aa kwa mafuta ya miaka yote ile, kitu pekee kizima kwenye nyumba nzima. Alimwona Sista Adélaïde akirudi na kuuliza. Aliogopa kweli, si kidogo. Mtu akishikilia jambo moja wakati dunia yake yote inabomoka, jambo hilo huwa nguzo, na nani anayeng'oa nguzo kwa mkono wake mwenyewe? Nsimire akalia tena, chini chini, sauti ya mtu anayechoka.

"Gaspard," Massoudi akasema. "Shika huku chini. Sukuma juu, usivute. Bawaba za baba zinatokea juu."

Upande wa kushoto ukatoka kwa mlio mmoja mdogo. Ulikuwa umepakwa mafuta vizuri.

Wakamlaza Nsimire, Orpha akamfunga kwa vitenge asiteleze, wakainua. Walikuwa wanaume watatu, na pembe nne. Mwanamke habebi ingobyi, hiyo ndiyo desturi, na Orpha aliiona desturi ikipita mbele yake akaikanyaga, akaingiza bega kwenye pembe ya nne. Libuyu ni mti mzito. Hawajafika kwenye mwembe mmoja ulioungua njiani, Massoudi alikuwa anahisi mfupa wa bega ukisagika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimlaumu baba yake kwa kutofanya kazi ya ovyo.

Njia ilikuwa tope. Ili wasiteleze ilibidi waende hatua moja, na ili waende hatua moja ilihitajika sauti. Sasa, Massoudi ni mtu wa mjini. Hakuwahi kubeba ingobyi. Ubao bapa wenye mtu juu yake, uliobebwa na mabega manne, yeye aliujua mmoja tu, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya chini ya ubao wa namna hiyo tangu ujana.

"La ilaha illa Llah," akaanza, polepole, kwa mwendo wa miguu. "La ilaha illa Llah."

Gaspard akashika mwendo. Shemeji yake naye akaushika. Walikwenda vizuri hivyo, mpaka sauti ikatoka juu ya vichwa vyao, dhaifu lakini imeudhika.

"Muzee Massoudi. Mi sijakufa."

Massoudi akatambua alichokuwa akifanya. Alikuwa anamzika mwanamke mzima. Aliona aibu hadi kwenye visigino.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Ni mazoea ya jeneza."

"Basi badilisha wimbo," Nsimire akasema, na Orpha, na machozi yake yote, akaguna kicheko.

Wakabadilisha. Gaspard alianzisha wimbo wa kupandisha magogo, wakaendelea. Na njiani ikatokea ile desturi. Mwanamume aliyekuwa akipanda na mkungu wa ndizi aliuweka kwenye majani akachukua pembe ya Orpha. Mwenye gunia la makaa akalitua. Kijana mmoja aliyekuwa akimkwepa kila mtu, pengine akitoka mahali pasipoulizwa, akaingiza bega lake akabeba hadi kwenye kona, akamwachia mwingine, akapotelea mashambani. Hakuna aliyeulizwa jina. Miaka mingi watu wa njia ile walikuwa hawajafanya kitu pamoja.

Chini, barabarani, kulikuwa na kizuizi.

Askari walipoona kundi la wanaume likishuka kutoka mlimani siku ya mapigano, wakainua bunduki. Kila mtu alisimama. Massoudi aliona Gaspard akificha uso nyuma ya ubao, maana Gaspard alikuwa na sababu zake za kuwaogopa wale vijana, na huenda mmoja wao alikuwa na sababu zake za kumwogopa Gaspard. Mkubwa wao akapiga kelele washushe ule mzigo wapekuliwe.

Sylvère alikuwa amesimama pembeni. Alitazama ule ubao, akatazama mabega.

"Muzee," akasema. "Ule njo mulango wako?"

"Ni wenyewe."

"Ni ingobyi," Sylvère akamwambia mkubwa wake kwa Kirundi. Sylvère akaitundika bunduki mgongoni, akaja akasimama mbele ya Gaspard. Wakatazamana. Kisha askari akainama akaingiza bega lake chini ya mlango, na Gaspard akajitoa taratibu, kama inavyotakiwa, mzigo usiyumbe. Kizuizi kikainuliwa.

Walifika hospitali kubwa saa ya amri ya kutotembea usiku ikikaribia. Daktari alimpasua Nsimire saa ile ile, akamtoa msichana mwenye hasira, na wote wawili wakaishi. Divin aliporudi kutoka Gatumba na kusikia habari, alimpa mtoto jina la Lisette, halafu akaenda Buyenzi kumshukuru Massoudi. Zubeda ndiye aliyempokea. Alisema kwamba mume wake sasa amempa mulango wake talaka, alhamdulillah.

Haikuwa kweli kabisa. Gaspard na wenzake waliurudisha mlango wenyewe, kesho yake, bila kuombwa, na Massoudi akapanda kuutia kwenye bawaba. Alipomaliza alitoa ufunguo kama kawaida, akauangalia, akaurudisha mfukoni. Tangu siku hiyo hakufunga tena. Kilima kilikuwa hakina ingobyi, na sasa kilikuwa nayo. Upande wa kushoto ulitoka na kurudi miaka yote iliyobaki ya vita. Ulibeba wazazi, ulibeba watu wa malaria na watu wa risasi, na kila uliporudi Massoudi aliusafisha, akaupaka mafuta.

Siku moja ulimbeba yeye. Alikuwa huko juu Ijumaa, kitambaa mkononi, upande mmoja wa mwili ukamwishia nguvu akaanguka veranda. Alipozinduka aliona mawingu yakipita, na akasikia chini yake sauti ya Gaspard, Mkatoliki wa kubatizwa, akiongoza kwa juhudi zote maneno aliyoyasikia siku ile, kwa sababu aliamini ndiyo maneno ya kumbebea Mwislamu.

"La ilaha illa Llah. La ilaha illa Llah."

"Gaspard," Massoudi akasema, ulimi mzito. "Mi sijakufa."

"Ninajua, muzee. Njo sababu tunakimbia."

Massoudi alifikiri kidogo. "Basi endelea," akasema, na wakaendelea hadi chini.

Sista Adélaïde alirudi mwaka wa uchaguzi, elfu mbili na tano, amezeeka, na kofia ya kujikinga jua juu ya kitambaa chake cha kichwani. Massoudi alimngoja juu, na fimbo yake, na Zubeda akimshika mkono ule usio na nguvu. Nsimire alikuwepo, na Lisette, na Gaspard nyuma ya watu kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya. Massoudi alikuwa hajalala usiku. Alimpa Sista ufunguo.

Sista hakuhitaji ufunguo. Aliona tundu la ukutani, aliona mlango ulioegemezwa tu, akausukuma. Kisha akasimama. Upande wa kulia ulikuwa kama alivyouacha. Wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo na pembe zilizomomonyoka, lakini kingo zake ziling'aa, nyororo, nyekundu zilizoiva, kuliko mbao zote za mlango ule. Akapitisha vidole.

"Massoudi, hapa umepaka vanishi gani?"

Zubeda akafungua mdomo kumsaidia. Massoudi akamzuia. Maneno yalimtoka kwa shida siku hizo, lakini hili alitaka alitoe mwenyewe.

"Mabega, masera," akasema. "Ni mabega ya watu."

Sista aliacha mkono wake palepale kwenye ukingo. Mbayuwayu waliingia na kutoka juu yao. Halafu akapangusa macho, akatazama juu mahali palipokuwa na paa, akatazama mashimo ya ukutani, akauliza fremu za madirisha zitapatikana wapi tena.

Nyuma ya watu Gaspard akakohoa. Akasema kwamba hizo, kwa kweli, anajua zilipo.